Mali Bila Daftari: Tippu Tip Asomwe kwa Jicho la Mhasibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huambiwa wenye maduka. Mimi naileta kwa watu wa lugha na fasihi, kwa sababu katika orodha zetu za vitabu kuna daftari moja la mali ambalo tumezoea kulisoma kana kwamba ni hadithi ya safari tu.

Nakusudia Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe alikitunga uzeeni, Unguja. Mjerumani Heinrich Brode akakichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, Wilfred Whiteley akakitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na padre François Bontinck akakitoa kwa Kifaransa mwaka 1974. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anajua kwamba ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili. Tunachambua msamiati wake wa kale, tunasifu usimulizi wake mkavu usio na mapambo, kisha tunafunga kitabu. Lakini sisi tunaotoka Kasongo na Kabambare tunafunga tukiwa hatujatosheka. Mtu huyu alijenga utajiri wake katika ardhi ya babu zetu. Lugha tunayosemea nyumbani ilikuja pamoja na misafara ya watu kama yeye. Je, tunahusianaje naye?

Maoni yangu ni haya: kitabu kiendelee kufundishwa, ila kifundishwe kama hesabu. Tuulize kwa kila sura nani alikopesha, nani alikopa, nani alibeba, na nani alilipa. Tukifanya hivyo tutaepuka makosa mawili ninayoyasikia kila mara mjadala huu unapozuka. La kwanza ni la wale wanaomsifu kama mfanyabiashara hodari wa Kiafrika aliyejua kupanga fedha kabla ya kuwapo kwa benki. La pili ni la wale wanaotaka kitabu kiondolewe kwa sababu mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara ya watumwa. Wa kwanza wanasoma upande mmoja wa daftari. Wa pili wanataka daftari lichomwe, na likichomwa ushahidi nao utakuwa umeteketea.

Tuanze na fedha. Kama leo tungemtafutia Tippu Tip cheo, tungemwita mpangaji wa fedha kabla ya kumwita mpelelezi. Alikuwa mgeni Maniema, mzaliwa wa Unguja, na hakuja na mtaji wake. Mtaji ulikuwa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, na mkubwa wao katika maisha yake alikuwa Taria Topan, Khoja Mwismaili kutoka Kutch ambaye naye alikuwa mhamiaji. Nyumba ya Jairam Sewji ndiyo iliyokuwa imekodi ushuru wa forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Mwaka 1876 kazi hiyo ikaingia mikononi mwa Taria. Hawa hawakumpa msafiri fedha taslimu. Walimpa merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba na baruti. Alitakiwa kurudisha pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila. Kwa kuwa dini inakataza riba, faida ilifichwa katika bei: bidhaa ya mkopo iliandikwa kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na kila aliyetia saini alijua sababu.

Fikirini ukubwa wa imani iliyohitajika. Safari ya tatu ya Tippu Tip ilianza karibu mwaka 1870, naye hakurudi pwani hadi 1882. Hiyo ni miaka 12. Hakuna simu, na barua hubebwa na wapagazi kutoka Kasongo hadi Kabambare, kisha ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, ndipo pwani. Mkopeshaji amekaa Unguja anangoja. Tunasema ahadi ni deni. Katika biashara hii deni lenyewe lilikuwa ahadi, na ahadi ilishikiliwa na jina la ukoo. Ndiyo maana kitabu kimejaa majina ya jamaa: baba yake Muhammed bin Juma, aliyekuwa na makazi Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira, ndugu yake wa upande wa mama, Muhammed bin Masud el Wardi, jamaa yake Bwana Nzige, aliyekuwa naye Maniema, mwanawe Sefu. Msomaji wa haraka huyaona majina haya kama mzigo. Mhasibu anayaona kama dhamana. Kwa mkopeshaji wa Unguja, ukoo ulifanya kazi ambayo leo hufanywa na hati ya kiwanja.

Lakini ukoo peke yake haukutosha. Palihitajika shule, na shule yake ilikuwa msafara. Anaeleza kwamba alianza safari ndogo ndogo za biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na watu wazima wa ukoo wake. Baadaye akafuatana na baba yake hadi bara. Huko alijifunza mambo mawili kwa pamoja, bei na bunduki, na katika kitabu chake hayatenganishwi. Vita vyake na Nsama wa Itawa vinasimuliwa kwa sauti ileile inayosimulia mauzo: wamepigana, wameshinda, wamepata pembe kiasi hiki na shaba kiasi hiki. Wanafunzi wenzangu husema huo ni ukavu wa mtindo. Mimi naona ni ukavu wa mtu aliyefunzwa kijeshi tangu utotoni kwamba kupigana ni sehemu ya gharama za biashara. Mtindo huo una maana, na uchambuzi wetu uiseme maana hiyo, usiishie kuusifu.

Kisa ninachokiona kuwa kiini cha kitabu kizima ni kile cha Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba dada za mtemi Kasongo Rushie walitekwa zamani na kuchukuliwa Urua. Akajitokeza akadai kuwa bibi yake alikuwa mmoja wa mateka hao, kwa hiyo yeye ni damu ya mtemi. Mzee akamwamini, akamwachia utawala, na pembe zikawa zinakuja kwake kama haki ya mtemi. Msomaji wa fasihi hucheka kwa werevu wa kisa. Lakini tazameni kilichotokea kwa upande wa hesabu. Jamaa wa Unguja walimdhamini kwa undugu wa kweli, naye akaja Maniema akatengeneza undugu wa kudai, akautumia kuchukua bila kununua. Undugu, ambao kwa babu zetu ulikuwa hazina ya mwisho ya mtu asiye na kitu, uligeuzwa kuwa chombo cha kukusanyia mali. Anayemwita Tippu Tip hodari wa fedha lazima aingize kisa hiki katika tathmini yake.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tuna kazi ambayo wanahistoria hawawezi kutufanyia. Chukueni neno mali. Katika kitabu, mali mara nyingi ni bidhaa zile za kubadilishia, nguo na shanga, zilizochukuliwa kwa mkopo. Nyumbani Maniema, mtu akisema amekwenda kutoa mali, huenda anazungumzia mahari ya mkwe. Neno moja limetoka kwenye ghala la mkopeshaji likaingia katika nyumba ya bibi harusi. Limepitia wapi? Fedha kwetu ni feza, na mara nyingi zaidi ni franga, ambayo ilikuja na Wabelgiji, au makuta, jina la sarafu ya wakati wa Mobutu ambalo limebaki mdomoni baada ya sarafu yenyewe kufa. Wanawake wanaochangiana kwa zamu, kila mwezi mmoja wao akipokea, wanaita mchango wao likelemba, neno lililokuja kutoka magharibi ya nchi. Kila tabaka la utawala limeacha neno lake la fedha. Mwanafunzi akiyapanga maneno haya kwa mfuatano, atakuwa ameandika historia ya nani alishika mfuko wa Maniema kwa miaka 150.

Neno zito kuliko yote ni jina la lugha yetu. Kingwana limetokana na waungwana. Pwani, muungwana ni mtu huru, mwenye adabu, asiye mtumwa. Lakini bara, katika karne ya 19, waungwana walikuwa watu wa misafara kutoka pwani: wapagazi, walinzi, washika bunduki, na wengi wao kisheria walikuwa watumwa wa mtu fulani. Walijiita waungwana mbele ya wale waliowaita washenzi. Kisha vijana wa Maniema wenyewe, waliotekwa au waliojiunga ili wasitekwe, wakapewa bunduki, wakavaa kanzu, wakajifunza lugha, wakawa waungwana nao. Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa kutisha kuliko wengi, alianza akiwa mateka. Hiyo nayo ilikuwa shule ya kijeshi, na karo yake ilikuwa kijiji ulichotoka. Neno lililomaanisha uhuru likawa sare ya utumishi. Sijui neno jingine la Kiswahili lenye historia ya uchungu kama hii, na linakaa katika jina la lugha inayosemwa sokoni Kasongo kila siku.

Sasa upande wa daftari ambao haukuandikwa. Kasongo ya miaka ya 1880 ilikuwa mji wa kushangaza. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la Dola Huru ya Kongo, alieleza katika kitabu chake cha 1897 mji wenye nyumba nzuri, vitu vya anasa vilivyotoka pwani na mashamba makubwa yaliyozunguka. Mpunga unaolimwa Maniema mpaka leo ulienea kwa njia hiyo. Watu hupenda kunitajia mpunga huo kama faida. Nakubali kwamba ni faida. Lakini mashamba hayo yalilimwa na mateka, na pembe zilizolipia vile vitu vya anasa zilitembea kwa mabega ya watu hadi ziwani kupitia Kabambare. Zilikoishia ni mbali: Bombay, London, na viwanda vya Connecticut vilivyotengeneza vibao vya piano. Merikani yenyewe iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Kwa hiyo Kabambare ilikuwa kituo katika mnyororo wa fedha wa dunia nzima, na katika kituo hicho Livingstone alikwama kwa miezi mingi mwaka 1870, mgonjwa wa miguu, akitegemea ukarimu wa wafanyabiashara haohao aliotaka biashara yao ife. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Julai 1871, alishuhudia mauaji ya soko la Nyangwe. Katika Maisha ya Tippu Tip wapagazi huhesabiwa. Ni nadra kutajwa majina. Huo ndio upande wa daftari uliopotea bila habari.

Daftari hilo lilifungwaje? Kwa mikataba na kesi. Oktoba 1876, karibu na Kasongo, Stanley alikubaliana naye amsindikize vituo 60. Dau aliloliandika Stanley ni dola 5,000, na vituo hivyo havikutimia. Februari 1887, Unguja, alitia saini kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akijilipa kwa frasila za pembe akawa mwajiriwa. Baadaye Stanley akamshtaki Unguja kwa madai ya kuvunja makubaliano, naye akaondoka Maniema mwaka 1890 asirudi tena. Vita vikaanza 1892. Ngongo Lutete akageuka akawa upande wa Wabelgiji. Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ikaanguka. Sefu akauawa mwaka huohuo. Januari 1894 Rumaliza akashindwa na Kabambare ikachukuliwa. Na hapo tungetegemea kitabu kifike mwisho kwa maombolezo ya mwana na mji. Lakini kurasa za mwishoni zinashughulika na kesi: Rumaliza anadai sehemu yake ya mali ya ushirika. Mtu ambaye undugu na ushirika vilimjenga anamaliza simulizi akibishana na mshirika wake juu ya mgawanyo. Naomba walimu wetu wakifundishe kitabu kuanzia mwisho huo. Ukianzia hapo, kila undugu uliotajwa nyuma unasomeka kwa namna nyingine.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba fasihi si uhasibu, na kwamba tukianza kuhesabu frasila tutasahau sanaa. Najibu kwamba katika kitabu hiki hesabu ndiyo sanaa. Msimulizi anajua lini ataje idadi na lini anyamaze. Anataja idadi ya pembe. Ananyamaza juu ya waliokufa njiani. Mchambuzi asiyehesabu hawezi kuuona ukimya huo, kwa sababu ukimya huonekana pale tu unapotegemea kusikia kitu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wenzangu wa Maniema: kwa nini kijana wa Kabambare alazimishwe kumsoma aliyewateka babu zake, tena kwa Kiswahili fasaha ambacho yeye mwenyewe anachekwa kwamba hakijui? Swali hili lina haki. Nimesikia darasani mwanafunzi akisahihishwa kwa kicheko kwa kusema feza, na aliyecheka hakujua kwamba neno hilo ni fedha ileile iliyosafiri na misafara. Jibu langu ni kwamba kumwondoa Tippu Tip hakutamrudishia kijana huyo heshima. Kitakachomrudishia ni kupewa nafasi ya kukisoma kitabu kama mdai. Yeye ndiye mwenye ushahidi wa upande wa pili. Lugha yake, maneno yake ya mali na deni, majina ya mitaa na mashamba ya kwao, ni kumbukumbu ambazo hazipo Berlin wala Brussels. Kingwana si Kiunguja kilichoharibika. Ni Kiswahili cha watu waliolipia neno uungwana kwa bei ambayo pwani haikuilipa.

Kuna sababu nyingine ya kusoma hivi, nayo ni ya leo. Kabambare ina dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Kanada, ukasimama mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Mtaji umetoka mbali, bidhaa inakwenda mbali, bunduki ziko katikati, na wachimbaji wadogo wanakopeshwa vifaa na chakula wakilipa kwa kile watakachokipata ardhini. Sisemi kwamba ni kitu kilekile. Sheria ni nyingine na nyakati ni nyingine. Nasema kwamba kijana aliyefundishwa kuuliza nani amekopesha na nani amebeba atakuwa na maswali mazuri zaidi kuliko aliyefundishwa kusifu safari.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, yote yanawezekana bila bajeti mpya. Kwanza, somo la tawasifu lipewe zoezi la daftari: kila mwanafunzi achague sura moja ya Maisha na kuipanga katika safu nne, aliyekopesha, aliyekopa, aliyebeba, aliyelipa, kisha aeleze safu zilizobaki tupu na kwa nini msimulizi aliziacha hivyo. Pili, kitabu kisifundishwe peke yake. Kiwekwe karibu na Hinde na shajara za Livingstone, ili wanafunzi walinganishe nani anahesabu nini. Tatu, wanafunzi wanaokwenda likizo Kasongo, Kabambare, Kibombo au Kindu wapewe karatasi ya maneno 50 ya fedha, deni, dhamana na undugu, wawaulize wazee yanatumikaje na yalitumikaje zamani, na majibu yahifadhiwe katika maktaba ya kitivo kwa Kingwana kama yalivyosemwa, bila kusahihishwa.

Hili la tatu lisingoje mwaka ujao. Wazee waliosikia habari za misafara kutoka kwa watu waliozaliwa wakati wake ni wachache sana sasa, na vita vya mara kwa mara vimewatawanya wengine mbali na vijiji vyao. Niko tayari kuandaa hiyo karatasi ya maneno pamoja na yeyote atakayependa kusaidia, na likizo ya muhula huu inatosha kuanzia.